Bata Wawili Waliobaki

3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi sana. Unaendeleaje na kazi, na ule mgongo wako? Wamewapa glavu, au bado mnashika mashuka ya wagonjwa kwa mikono mitupu? Kila ninapoanika nguo nakukumbuka. Najua barua huanza kwa kusema sisi huku wazima, hofu ni kwako. Nami nilitaka kuanza hivyo hivyo, lakini ningekuwa nimekudanganya tangu mstari wa kwanza.

Bata wamekufa, mwanangu. Si wote, ila karibu wote.

Kicheche aliingia bandani. Nilitoka asubuhi kwenda kuteka maji nikashangaa kimya. Unawajua wale, kukipambazuka tu wanapiga domo kama watu wa sokoni, jirani mpaka hununa. Safari hii hakuna hata sauti. Nikaona mlango wa banda uko wazi na manyoya yametapakaa hadi chini ya kamba ya nguo. Huyo mnyama hata hakula. Amewauma shingoni mmoja mmoja akawaacha pale walipoangukia. Ingekuwa njaa ningemwelewa.

Wamebaki wawili. Mnyapara, yule dume anayetembea kifua mbele kama anasimamia vibarua, nimemkuta nyuma ya pipa la maji, mgongo umechanika na bawa moja linaburuta. Na Bibi Harusi, yule mweupe, alijibana kwenye kona nyuma ya matofali. Yeye hana jeraha kubwa, ila jicho moja limevimba na kuziba. Nimewaleta jikoni, nimewaweka kwenye beseni kubwa tulilokuwa tukikuogeshea.

Baba yako amelia. Sikumwona akilia hivyo hata siku alipofunga kibanda chake cha kunyolea. Alikaa kwenye kigoda uani na taulo kichwani, hataki kuguswa.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Baba yako akisikia sauti yako kwenye simu, anaanza kukutafuta nyuma ya pazia. Mara ya mwisho tulipomaliza kuongea alifungua kabati la nguo. "Chiriku yumo humu, nimemsikia." Nikamwambia umetoka kidogo. Akaenda kukaa mlangoni kukusubiri, chakula kikapoa, akakataa kula bila wewe. Kwa hiyo tuandikiane, mwanangu. Barua naisoma peke yangu, haimuumizi mtu.

Kaka yako bado hajui. Nitamwambia mwenyewe.

Mama yako


19 Februari

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Pole sana, Mama. Pole na kwa Baba. Mimi ni mzima, mgongo unauma lakini unanisikiliza bado. Glavu wametupa, zinachanika ukizitazama tu.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye mlango wa chumba cha mashine za kufulia, kila mtu akipita ananiambia sogea. Nililia kwa ajili ya bata, watu wakafikiri nimefiwa na mtu. Nikaona aibu kusema ni bata. Halafu nikaona, kwa nini nione aibu? Tangu kibanda kifungwe, Baba alikuwa na kazi gani nyingine asubuhi?

Mama, naomba unijibu jambo moja bila kunizungusha. Nani aliacha mlango wazi? Banda lile hufungwa na Baba kila jioni. Hata ulipotaka kumsaidia alikuwa anakwambia mwenye duka ndiye anayefunga duka.

La pili, najua utaniudhikia. Hao wawili, si bora uwachinje? Una mgonjwa tayari ndani ya nyumba. Utawahudumia wangapi?

Lakini kwa kuwa nakujua, nimemuuliza mzee tunayefanya naye kazi kwenye mashine ya kupigia pasi. Huyo alikulia kwenye bata, ukimgusia habari zao hanyamazi. Anasema kidonda ukioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, manyoya ya pembeni yakatwe yasigande juu ya jeraha. Nzi wasiguse kabisa, maana wakitaga pale tu, amekwisha. Asiende kuogelea mpaka pakauke, ila bakuli la maji liwe na kina cha kuzamisha pua, bata asiposafisha pua anaugua. Walale pakavu, pasipo na mwanga mkali wala kelele. Anasema bata aliyeshtuka anaweza kufa bila hata mkwaruzo.

Nakupenda, Mama. Mwambie Baba namsalimu. Au usimwambie, asije akafungua tena kabati.

Mwanao, Chiriku


6 Machi

Chiriku wangu,

Nimefurahi kusikia mgongo unakusikiliza. Sisi tuko. Baba anakula, analala, ananipigia miluzi akitaka chai kama zamani.

Kuwachinja sitawachinja. Na huyo mzee wa pasi mshukuru sana, kila alichosema nimefanya.

Yaani niseme tumefanya. Nilikuwa nahangaika na Mnyapara mezani, nimemfunga kitenge asipige mabawa, nakata manyoya kwa mkasi wa jikoni, mikono inanitetemeka na yeye anapiga kelele. Baba yako akaingia. Akanitazama, akatikisa kichwa kama anayeona kazi ya mwanafunzi mvivu. Akaenda chumbani, akarudi na mkasi wake, kitana, na lile shuka lake jeupe la kunyolea. Mwanangu, alimfunika yule bata shuka mpaka shingoni! Akamshika kichwa kwa vidole viwili, vile alivyokuwa akiwashika wateja, akaanza. Mikono ambayo haiwezi kufunga vifungo vya shati haikutetemeka hata mara moja. "Tulia, bwana mkubwa, nisije nikakukata sikio." Nikamwambia bata hana masikio. Akasema, "Ndiyo maana hasikii." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tangu siku hiyo kazi ya kidonda ni yake. Anasahau kila kitu, lakini nikiweka beseni la maji ya chumvi mezani anajua la kufanya. Tatizo ni Bibi Harusi. Akiona damu anadonoa mgongo wa mwenzake. Imebidi niwatenganishe, mmoja jikoni, mwingine stoo, na sasa wote wawili wananung'unika na kukataa chakula.

Sasa swali lako. Umeniambia nisikuzungushe.

Jioni ile Baba alikwenda kufunga banda. Nilimwona akienda. Akarudi na ndoo mkononi, akaniuliza hii ndoo niiweke wapi. Nami nilikuwa napepeta mchele, nikamwonyesha, sikuwaza. Alifika pale, akaona ndoo, mlango ukamtoka kichwani. Basi.

Asubuhi tulipokuwa tumesimama mbele ya banda, aligeuka akaniuliza, "Nani hakufunga?" Nikamwona usoni kwamba anaanza kutafuta jibu, anapapasa kama mtu gizani, na nikajua akilifikia litamuua. Nikasema, "Ni mimi. Nilikwenda kuchukua mayai nikasahau."

Alinipigia kelele, mwanangu. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi. Akaniita mzembe, jirani akasikia. Nikainamisha kichwa.

Nilidhani yataishia hapo. Lakini kila asubuhi anaamka, anachukua bakuli la pumba, anakwenda bandani, halafu anarudi kuniuliza, "Bata wako wapi?" Mwanzoni nilimwambia ukweli, na kila asubuhi ikawa ni msiba mpya, analia kama anasikia leo. Nikajaribu kumwambia wamekwenda bwawani, akaenda kuwatafuta, nikamkuta barabarani na kandambili moja. Kwa hiyo namwambia kweli, polepole, tumekaa. Halafu anauliza nani hakufunga, nami najibu ni mimi. Siku nyingine anafoka. Siku nyingine ananipapasa mkono na kusema, "Basi, ilishatokea."

Umeniuliza nimekujibu. Sasa ahidi kwamba haitoki kwako. Hasa kwa kaka yako. Unamjua, moyo wake uko mdomoni. Baba ana siku mbaya, na ana siku nzuri ambazo anaelewa kila kitu. Hizo nzuri ndizo ninazoziogopa.

Mama yako


21 Machi

Mama, shikamoo.

Nimeahidi. Sitasema.

Natamani ningekuwapo nimwone Mnyapara ndani ya shuka. Nimewasimulia wenzangu hapa, yule mzee wa pasi alicheka akaunguza foronya.

Anasema bata hawezi kukaa peke yake, upweke unamnyima chakula. Kama huwezi kuwaweka pamoja, mwekee kila mmoja kioo mbele yake. Atafikiri yuko na mwenzake.

Mama, na wewe nani anakuwekea kioo? Nani anakusikiliza ukimaliza kufokewa? Niandikie hata kama huna la kusema.

Mwanao, Chiriku


10 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nimeianza mara tatu.

Nianze na lililo jema. Vioo vimesaidia. Kile cha kabati nilikitoa nikamwekea Mnyapara, siku hiyo hiyo akaanza kula na kujivuna mbele ya mwenzake. Baba yako alikuja kuwatazama. Akamwona mzee kwenye kioo, ameinama, ameshika bakuli. Akamsalimu kwa heshima, "Shikamoo, mzee." Akangoja. Halafu akanigeukia akanong'ona, "Maskini, hasikii vizuri. Mkaribishe chai." Nikaleta vikombe vitatu. Ningefanya nini?

Sasa hili lingine. Kaka yako alikuja. Hakutuarifu, alipita na lori lake akitoka kushusha mzigo. Alimkuta Baba yuko katika siku nzuri, amenyoa ndevu, anazungumza vizuri kabisa. Wakakaa uani. Kaka akauliza bata wameenda wapi. Baba akajibu bila kupapasa, kwa sababu hilo amelisikia kila asubuhi mpaka limeingia. "Mama yenu amezeeka. Alisahau mlango. Wote wameisha."

Kaka yako akaniangalia. Halafu akaanza kuangalia nyumba. Akaona vikombe vitatu vya watu wawili. Akaona kioo cha kabati kiko sakafuni stoo na bata mbele yake. Akaona beseni la mtoto limejaa maranda ya mbao. Nilimwona akijumlisha kichwani.

Akaniita pembeni, si mbali, Baba alikuwa anatuona. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma, "Mama, leo umesahau mlango wa banda. Kesho utasahau jiko linawaka. Nikija siku nikakuta mmeungua humu ndani, nitajisamehe vipi?"

Chiriku, neno lilinifika hapa kooni. Lakini Baba alikuwa ametugeuzia sikio, na macho yake siku hiyo yalikuwa makali kama zamani. Nikalimeza.

Amemchukua Baba. Anasema akapumzike kwao kwa muda, mkewe yuko nyumbani mchana, na mimi nipate nafasi ya kujiangalia afya. Nilimfungashia nguo, nikaweka na mkasi wake. Baba alipanda kwenye lori kwa furaha, alifikiri anapelekwa kazini. Aliniambia, "Nikichelewa, wewe kula tu."

Mama yako


25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui niandike nini kwanza.

Umewezaje kunyamaza? Wewe ndiye msahaulifu? Wewe unayekumbuka mpaka leo nilikohoa mara ngapi nilipokuwa na surua! Nimezunguka chumba hiki kidogo nikiongea peke yangu, mwenzangu wa kitanda cha juu akaniambia nikagombane nje.

Nipe ruhusa nimwambie Kaka. Nitamwapisha asiseme mbele ya Baba. Si mtu mbaya, Mama, anakuogopea tu, lakini anakuogopea kwa jambo ambalo halipo. Na Baba atafanya nini kule, ghorofani, bila ua wa kukaa? Nani anajua kwamba chai yake lazima uionje kwanza mbele yake ndipo anywe?

Nimeomba tena likizo yangu ya Agosti iletwe mapema. Msimamizi amesema Agosti ni Agosti.

Nijibu haraka.

Chiriku wako


9 Mei

Chiriku,

Salamu. Hapana. Umeniahidi.

Mimi ni mzima, usinihofie. Mnyapara amepona mgongo, pamekauka na vinyoya vipya vimeanza kuchomoza, vidogo kama ncha za sindano. Bawa halijarudi, linaburuta na litaburuta. Jicho la Bibi Harusi limefunguka lakini nadhani halioni, anageuza kichwa kizima akitaka kunitazama. Nimewarudisha pamoja. Walipoonana walipigiana vichwa juu na chini kwa muda mrefu, kama watu wanaokutana kituoni.

Nilitaka sana Baba auone ule mgongo. Ni kazi yake.

Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi hakuna anayekuja kuniuliza bata wako wapi. Nilikuwa nikiomba nipumzike na swali hilo hata siku moja tu. Sasa nimepumzika, na ninaamka mapema kuliko zamani, nakaa kitandani nalisubiri.

Kaka yako anapiga simu. Anasema Baba anakula vizuri. Ila juzi mkwe wangu alimkuta dirishani na mkasi wake, anayapunguza mapazia. Alikuwa ameshamaliza upande mmoja, amenyoosha vizuri kabisa, anamwambia pazia asitikisike. Wamemnyang'anya mkasi, wanasema ni hatari. Kaka anasema Baba hakugomba. Alikaa tu akaweka mikono mapajani, na tangu hapo hataki kusimama.

Sina lingine.

Mama yako


24 Mei

Mama, shikamoo.

Nimemwambia.

Nimevunja ahadi na sikuombi uniambie nimefanya vizuri. Nilisoma barua yako mpaka pale pa mkasi, nikaenda moja kwa moja kumpigia. Nikamweleza yote: ndoo, mlango, kila asubuhi yako, kwa nini ulinyamaza. Nikamwambia, asiseme mbele ya Baba, hilo tu. Akasema, "Nimesikia."

Nikasirikie, Mama, lakini niandikie.

Mwanao, Chiriku


20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mbona kimya? Kaka hapokei simu, na akipokea mkewe anasema yuko njiani na lori, hajui lolote. Kama ni hasira, nitumie hata hizo hasira. Kama kuna mtu anaumwa, usinifiche.

Mzee wa pasi kila siku ananiuliza bata wanaendeleaje. Namwambia wazima. Sijui kama ni kweli.

Chiriku


2 Julai

Mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na unisamehe kwa ukimya. Nilikukasirikia, sitakuficha. Halafu hasira ikaisha, yakaja mambo mengine yakanijaza mikono. Sasa kaa chini, usisome umesimama mlangoni.

Kaka yako alimrudisha Baba wiki ile ile uliyomwambia. Lori lilisimama mbele ya nyumba mchana, nikatoka na unga mikononi. Baba alishuka amekonda. Alinitambua, akasema, "Umekula?" Nikamwambia nilikuwa nakusubiri. Tukaingia.

Kaka yako alikuwa ameapa kunyamaza, najua. Alijitahidi. Alikunywa maji, akauliza habari za paa. Halafu akaniona nikiionja chai ya Baba kabla ya kumpa, na hapo hapo akashindwa. Mwanaume mzima na mwili wake ule alipiga magoti sakafuni, akanishika miguu. "Mama, nisamehe. Nimekuita msahaulifu. Kumbe ni Baba aliyeacha mlango, na wewe ukajibebesha."

Kikombe cha Baba kikasimama njiani.

Ilikuwa siku nzuri, Chiriku. Ingekuwa mbaya ingepita juu yake kama upepo. Aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Ni mimi?" Nikasema hapana, huyu mtoto amechoka na safari. Akasema, "Usinidanganye, mke wangu." Alikuwa hajaniita hivyo muda mrefu. "Nilikupigia kelele?" Nikakunja ncha ya kanga. "Mara nyingi?" Nikatazama chini. Akasema, "Na wewe ukanyamaza tu."

Akasimama, akaenda mwenyewe mpaka bandani. Nilimfuata. Alishika ule mlango, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Halafu akakaa chini palepale kwenye vumbi, na suruali yake safi, na mimi nikakaa karibu naye. Kaka yako alikuwa anatutazama akiwa kwenye mlango wa jikoni, hathubutu kuja. Baba hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu. Akasema, "Nimekuwa mzigo gani huu?" Nikamwambia mimi sijachoka. Tulikaa mpaka jua likatuhamia. Nilimuosha uso kwa upande wa kanga yangu, nikamlaza mapema.

Asubuhi aliamka hana habari na lolote. Alikunywa chai, akanipigia mluzi nimwongeze. Tangu maradhi haya yaanze nimeyalaani kila siku. Asubuhi ile niliyashukuru.

Lakini hakwenda tena bandani. Bakuli la pumba nililiweka mahali pake, akalipita. Nilimngoja aniulize bata wako wapi. Hakuuliza siku hiyo, wala kesho yake. Mpaka leo hajauliza tena. Nikawa namwambia mimi, "Bata wako hawa hapa, mtazame Mnyapara mgongo ulivyopona." Anatazama kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za watu asiowajua. Mkasi nimemrudishia. Ameuweka mfukoni, anaugusagusa, hautoi.

Na jina langu limeondoka, mwanangu. Sijui limeondoka lini hasa. Siku moja nilimletea chakula, akaniambia, "Asante, dada. Unanihangaikia sana." Nikasubiri labda anatania. Hakuwa anatania. Sasa mimi ni dada, siku nyingine ni mama. Ananiheshimu mno. Anainuka nikiingia.

Ukija Agosti ujue huenda usiitwe Chiriku. Jiandae, lakini njoo. Akiniona nakukumbatia atajua wewe si mgeni mbaya. Na kaka yako usimnyime simu. Kila akipita na lori anashuka, anapasua kuni ambazo sizihitaji, anaondoka. Amebeba kitu, mnaweza kukibeba wawili.

Sasa nikumalizie habari ya bata, maana mzee wa pasi anastahili kuijua.

Mnyapara alianza kukataa chakula. Bwana mifugo alikuja akambonyeza, akasema juu kumepona lakini ndani chini ya bawa kulibaki usaha, umeshaenea. Akampa sindano. Alivumilia siku chache. Bibi Harusi alilala ubavuni kwake upande wa jicho lake linaloona, na nilipokwenda kuwafungulia jana asubuhi, yeye ndiye aliyekuwa anapumua peke yake.

Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya banda. Ardhi ni ngumu, nilikuwa nachimba na kupumzika. Nilikuwa nalia pia, kwa nini nikufiche, nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto, nikijua hakuna wa kunisikia. Nikashtukia Baba amesimama karibu yangu, amevaa kofia yake. Alilitazama lile shimo. Akamtazama Mnyapara, nilikuwa nimemfunika kitambaa. Akavua kofia.

"Pole sana, dada," akaniambia. "Alikuwa wako?"

Nikasema alikuwa wetu.

Tukamlaza Mnyapara shimoni, akanipokea jembe. Hana nguvu, lakini alirudisha udongo wote, kidogo kidogo, akausawazisha kwa kiatu. Halafu akanishika bega, kwa mkono ule ule, mwanangu, mwepesi, kama ulivyokuwa siku zote. Akanitazama kwa huruma sana.

"Nyumbani una mtu wa kukaa naye?"

Nikamwambia ninaye. Ninaye mume wangu.

Akaitikia kwa kichwa, nikaona ametulia. "Basi afadhali," akasema. "Nenda kwake. Atakuwa anakusubiri."

Mama yako